Mto Uendao Pande Mbili

Kwa miaka 23 nimefundisha Kiswahili mjini Jinja, mahali ambapo Mto Nile huanza safari yake ukitoka Ziwa Victoria. Katika muda wote huo nilifundisha maneno kupwa na kujaa, bamvua na maji mafu, kama nilivyoyakuta kamusini. Niliyaandika ubaoni, wanafunzi wakayanakili na kuyatungia sentensi, nami nikatia alama ya vema. Si wao wala mimi tuliokuwa tumepata kuona maji yakipwa. Mto wetu huenda upande mmoja tu, na methali isemayo kwamba maji hufuata mkondo haikutuhitaji maelezo.

Mwezi wa Juni 2018 nilikwenda Marekani kumtazama binti yangu. Huko nikajuana na bwana mmoja, mzaliwa wa Lamu, ambaye riziki yake ni kupeleka mashua za watu kutoka bandari moja hadi nyingine. Safari hiyo alikuwa na mashua ya matanga yenye urefu wa mita 11, ya kumfikishia mwenyewe katika Ziwa Ontario. Njia ni kuupanda Mto Hudson kutoka New York, kisha kuingia katika Mfereji wa Erie, uliofunguliwa mwaka 1825. Madaraja ya mfereji huo ni ya chini, kwa hiyo mlingoti hauna budi kulazwa kwanza kwa winchi katika mji wa Catskill. Zamu yetu ya winchi ilikuwa kesho yake, saa tano asubuhi. Nahodha hulipwa kwa safari, wala si kwa siku. Siku ikipotea, hasara ni yake.

Alfajiri tulitia nanga katika ghuba ya Haverstraw, mahali mto ulipo mpana kupita kwingine kote. Nahodha hakuwa amelala usiku kucha. Akaniambia:

"Mwalimu, sasa maji yanapwa, tukienda tutapigana nayo bure. Karibu na saa nne yatasimama, kisha yataanza kujaa na kutupeleka juu. Saa ya kitabuni si ya kuaminika sana leo, maana mvua imenyesha bara. Basi tazama wewe. Yakisimama, niamshe."

"Haya, Nahodha," nikajibu, naye akashuka kulala.

Yafaa nieleze hapa jambo ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nimelisikia usiku ule tu. Kutoka mlango wa mto huo hadi boma la maji la Troy ni kiasi cha kilomita 246, na kote huko nguvu za bahari hufika. Mara mbili kila siku mkondo hugeuka ukaelekea bara. Wenyeji wa kale waliuita Mahicantuck, jina ambalo aghalabu hufasiriwa kuwa ni mto uendao pande mbili. Na kwa kuwa kujaa huko hupanda polepole kutoka baharini, chombo kinachoondoka kwa wakati wake huweza kufuatana nako kwa saa nyingi.

Nikaketi sitahani na daftari langu, nikinakili kwa hati safi msamiati wa bahari niliouchukua kinywani mwa Nahodha. Baada ya muda jua likanipiga usoni, nikahamisha kiti upande wa pili penye kivuli. Gari la moshi likapita ukingoni; nikaona kwamba reli iliyokuwa mkono wangu wa kulia sasa i mkono wa kushoto. Nikaona, lakini sikufikiri. Nikaendelea kuandika.

Saa saba Nahodha aliamka mwenyewe. Akatazama omo, ambayo alfajiri ilielekea bara na sasa ilielekea New York.

"Mwalimu, chombo kimegeuka lini?"

Sikuwa na jibu. Maji yalikuwa yamesimama, yakageuka, yakaizungusha mashua nzima pamoja nami juu yake. Nami nilichofanya ni kuhamisha kiti.

Tuling'oa nanga kwa haraka. Mkondo ulitubeba vizuri kati ya milima, tukapita kona ya West Point iitwayo World's End, ambapo kina cha mto huzidi mita 50, na ambapo tulijibanza pembeni kulipisha tishali refu. Lakini tulipoupita mji wa Newburgh maji yalianza kupwa. Injini ilinguruma vilevile, ila miti ya ukingoni ikawa inapita kwa uvivu. Usiku ukatukuta bado hatujafika Poughkeepsie, na zamu ya winchi ikatupita.

Nilimwomba radhi. Nikataka kumlipa gharama ya siku ile, akakataa. Alinimiminia chai, akasema, "Neno ulikuwa nalo, Mwalimu. Maji ndiyo hukuwa nayo." Hakusema kwa kunisuta, na kwa sababu hiyo maneno yale yalinichoma zaidi. Usiku huo nilikaa macho, nikalitazama boya moja lililokuwa karibu nasi. Lilikuwa limelala kuelekea baharini. Likainuka kidogo kidogo, likasimama wima kitambo, kisha likaanza kuinamia bara. Nilimwamsha. Alichungulia tu, akasema, "Ndiyo hayo," akarudi kulala.

Sisemi kwamba mwalimu wa bara asifundishe maneno ya pwani. Lugha hii ni yetu sote. Lakini nimejua sasa ni maneno mangapi niliyowapa wanafunzi wangu yakiwa matupu, nami nikiwatia vema. Siku hizi tukifika kwenye neno kupwa siandiki kitu ubaoni kwanza. Huwasimulia habari ya kile kiti, nao hucheka sana. Kisha mmoja huuliza boya lilisimama wima kwa muda gani, nasi huanzia hapo.