Bei ya Bure

Neno "bure" lina nyuso mbili katika Kiswahili. Kitolewacho bure hakidaiwi malipo; na aliyekwenda bure amerudi mikono mitupu. Bibi mmoja wa shamba, kisiwani Pemba, alizijua nyuso zote mbili kwa siku moja.

Alifika hospitalini alfajiri, mjukuu mgongoni, mwili wa mtoto ukichemka homa. Daktari hakumdai kitu. Alimpima mtoto kwa upole, akaandika cheti, akamwelekeza kwenye dirisha la dawa. "Hii imekwisha, bibi," kijana wa dirishani alimwambia. "Kajaribu duka la nje." Bibi akafungua fundo la pindo la kanga, akahesabu, akahesabu tena. Nauli ya kurudia ilikuwamo; bei ya dawa haikutimia. Akaiongeza nauli juu ya dawa, akarudi kwa miguu.

Nani aliyemdhulumu? Daktari alitimiza wajibu wake, na mwenye duka naye ana mtaji wa kurudisha. Ahadi ya matibabu bila malipo, iliyotolewa Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964, ilikuwa ahadi tukufu, na wengi waliokoka kwayo. Lakini ahadi haijazi rafu za dawa. Fedha ndizo zijazazo. Mwaka 2001, mjini Abuja, viongozi wa Afrika waliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa ajili ya afya. Nchi nyingi hazikufika hapo. Pengo linalobaki huzibwa na fundo la kanga.

Tanzania Bara ilishika njia nyengine: mwaka 1993 ilianza kumtaka mgonjwa achangie, huku ikiwasamehe watoto wa chini ya miaka 5, wajawazito na wazee wasio na uwezo. Hata hivyo, msamaha ulioandikwa ukutani si dawa iliyomo kabatini. Mwaka 2023 Zanzibar nayo ikaanzisha Mfuko wa Huduma za Afya, ukianza na watumishi wa umma. Ni hatua ya busara, kwani mzigo wa mmoja hubebwa na wengi. Ila mshahara hukatwa kila mwezi. Mvuvi akatwe nini kusi likivuma, na mchuma karafuu akatwe nini mikarafuu isipozaa?

Wahenga walinena: mficha maradhi, kifo humuumbua. Hawakumtaja ayafichaye si kwa haya, bali kwa kuogopa gharama. Kipimo cha unafuu, basi, si bei iliyobandikwa dirishani. Ni kile kinachobaki katika pindo la kanga baada ya mgonjwa kupata dawa yake yote, na kama atathubutu kurudi akiugua tena.

Mjukuu alipona. Bibi naye, tangu siku ile, kifua kikimbana husema ni baridi tu.