Mkono Uwekao Santuri

Watu wengi husema kwamba wimbo hupendwa kwa uzuri wake. Neno hilo ni kweli, lakini halijatimia. Wimbo usiosikika hauwezi kupendwa. Na kabla haujafika moyoni mwa msikilizaji, sharti mtu fulani, ambaye msikilizaji hamjui wala hamwoni, anyooshe mkono rafuni, atoe santuri moja na kuziacha nyingine.

Katika nchi yetu mkono huo ulikuwa na nguvu kubwa kwa muda mrefu. Serikali iliutwaa utangazaji mwaka 1964 ukaitwa Sauti ya Kenya, na mpaka Capital FM ilipoanza mwaka 1996 hapakuwa na kituo cha redio cha watu binafsi. Kijijini kwetu redio moja ilitosha nyumba kadhaa. Betri zake zilipochoka zilianikwa juani ili zipate uhai wa jioni moja zaidi, na uhai huo haukupotezwa bure: ulikuwa wa taarifa ya habari na wa salamu.

Salamu zastahili kuelezwa, maana vijana wa leo hawazijui sana. Msikilizaji alinunua kadi, akaandika majina ya ndugu na marafiki, akataja wimbo autakao, akaituma kwa posta. Mtangazaji alisoma majina, kisha akaupiga wimbo. Hapo ndipo mnyonge alipopata sauti kidogo katika uchaguzi. Hata hivyo mtu huomba alichokwisha kukisikia, na kwa hiyo wimbo uliopigwa jana ulikuwa na tumaini la kupigwa kesho, na ule ambao haukupata jana yake ulibaki nje mlangoni.

Baba yangu mdogo alikuwa mpiga gitaa wa benga. Katika ujana wake yeye na wenzake walipanda basi kwenda Nairobi, wakarekodi wimbo mmoja. Santuri ndogo za siku zile hazikuweza kubeba zaidi ya dakika chache kila upande, na wimbo wa benga ni mrefu. Basi ulikatwa katikati. Upande wa kwanza ulikuwa na maneno, na upande wa pili ulikuwa na magitaa yakikimbizana, mahali ambapo wachezaji huvua makoti. Redioni ulipigwa upande wa kwanza tu. Watu wa kijiji walituma kadi za salamu, wengine wakakopa fedha za stempu, na wimbo ukasikika mara kadhaa. Baadaye bendi ilipoalikwa katika miji ya mbali, watu waliimba naye maneno yote. Lakini magitaa yalipoanza kukimbia walisimama wakitazamana, kwa kuwa sehemu ile ilikuwa ngeni kwao. Alikuwa akitusimulia haya akicheka, ila nadhani hakucheka siku ile.

Wenye kurekodi nyimbo waliufahamu mkono ule kuliko sisi. Waliona kwamba wimbo wa Kijaluo au wa Kikamba ulikuwa na saa zake chache katika idhaa ya lugha hiyo, lakini wimbo wa Kiswahili uliweza kusikika katika Idhaa ya Taifa kutoka Lamu hata Busia. Kwa hiyo mwanamuziki aliyetaka nchi nzima imjue aliimba Kiswahili. Daudi Kabaka, Mluhya, ni mfano mmoja. Wimbo wake Helule Helule ulivuka hata bahari, ukarekodiwa na kikundi cha Uingereza, The Tremeloes, mwaka 1968. Kipaji alikuwa nacho, hapana shaka. Lakini vipaji vingapi vilivyoimba kwa lugha ya mama havikuvuka hata mto?

Tena mkono ule ule uliingiza wageni nyumbani mwetu. Jim Reeves wa Marekani alikufa katika ajali ya ndege mwaka 1964, na hata leo wapo wazee wasiojua Kiingereza wanaoziimba nyimbo zake kama za kanisani kwao. Mwaka 1980 Sauti ya Kenya ilitoa amri kwamba asilimia 75 ya muziki upigwao uwe wa Kenya. Amri hiyo haikudumu. Masikio yaliyofundishwa jambo moja kwa miaka mingi hayageuzwi kwa waraka, nami naona amri yenyewe ilikuwa njema, ila ilikuja imechelewa.

Sasa vituo vimezidi mia, na kila mwanafunzi ana ndugu mwenye simu iliyojaa nyimbo. Mwaka jana niliwauliza wanafunzi wangu wa kidato cha pili walizisikia wapi kwanza nyimbo wazipendazo. Wengi walitaja matatu. Jioni ile, nikirudi nyumbani, nilimwuliza utingo huchagua nyimbo zake kwa kipimo gani. Akanitazama kwa mshangao, akasema yeye hachagui kitu. Huwasha redio tu.