Mwalimu Mpya wa Mpira

Habari ya timu kupata mwalimu mpya hukimbia kuliko magari ya shaba yaendayo mpakani. Asubuhi husikika Lubumbashi. Kabla ya adhuhuri imekwisha fika Kolwezi. Na jioni sisi wa Kapata, mtaa wa wafanyakazi wa migodi pembeni mwa Kolwezi, twaijadili milangoni huku bukari ikipoa. Mmoja asema, huyu ndiye atakayetuokoa. Mwingine asema, amekuja kula mshahara tu kama wenzake waliomtangulia. Na wote wawili hawajamwona akifundisha hata siku moja.

Wasomaji wapenzi, tulitazame jambo hili kwa utulivu, maana lina mafunzo hata kwa mtu asiyejali mpira. Timu ibadilipo mwalimu wake, ni nini hasa kinachobadilika?

Kwanza tulifikirie neno lenyewe. Wengine husema kocha, lakini watu wengi wa Kiswahili humwita mwalimu, na jina hilo si la bure. Sisi ambao kazi yetu ni ubao na chaki twajua ya kuwa mwalimu wa darasa la sita huvuna alichokipanda mwalimu wa darasa la kwanza. Wanafunzi wakishinda mtihani, husifiwa yule wa mwisho. Wakishindwa, hulaumiwa yeye huyo. Ndivyo ilivyo uwanjani. Tena kuna sababu nyingine, nayo ni ya fedha: kumfukuza mtu mmoja ni rahisi kuliko kuwafukuza wachezaji ishirini na watano. Kwa hiyo wapenzi wa timu wakikasirika, wenye timu humtoa mwalimu, na hasira hupoa kwa muda.

Twaanza na jirani yetu mkubwa, TP Mazembe ya Lubumbashi. Timu hii iliundwa mwaka 1939 na wamisionari Wabenedikto, katika mji ulioitwa wakati ule Élisabethville, kwa ajili ya vijana waliosoma kwao. Baadaye ilichukua jina la Englebert, kampuni ya mipira ya magari, na kwa jina hilo ikatwaa Kombe la Mabingwa wa Afrika mwaka 1967 na 1968. Kisha ikangoja zaidi ya miaka arobaini kabla ya kulishika tena kombe hilo.

Mwaka 2009 ililishika, mwalimu akiwa Diego Garzitto kutoka Ulaya. Mwaka 2010 ililishika tena, lakini siku ya fainali aliyesimama pembeni mwa uwanja alikuwa Lamine N'Diaye wa Senegal. Espérance ya Tunis ilifungwa mabao 5 kwa 0 mjini Lubumbashi. Mwezi wa Desemba mwaka huo huo, huko Abu Dhabi, Mazembe iliishinda Pachuca ya Meksiko, ikaishinda Internacional ya Brazili, ikawa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu. Inter ya Milano iliishinda 3 kwa 0, lakini sifa ile haikufutika. Mwaka 2015 kombe la Afrika lilirudi Lubumbashi kwa mara ya tano, na safari hii mwalimu alikuwa Mfaransa, Patrice Carteron.

Makombe matatu, walimu watatu! Je, tuseme basi kwamba mwalimu si kitu? La, hasha. Lakini tuangalie ni nani aliyekuwa langoni. Robert Kidiaba, mwana wa Katanga, yule aliyezoea kushangilia kwa kurukaruka akiwa ameketi chini, alikuwamo mwaka 2009, na mwaka 2010, na mwaka 2015 akikaribia miaka arobaini. Aidha mwenyekiti alikuwa yule yule, Moïse Katumbi, na tangu mwaka 2011 timu ilikuwa na uwanja wake mwenyewe huko Kamalondo. Walimu walikuja na kuondoka, nyumba ilisimama. Kila mwalimu aliikuta taa imewashwa, chakula kipo, na wenyeji wanajuana.

Hata hivyo, nyumba nzuri haimfai kila mpangaji. Carteron alipoondoka, alikuja Mfaransa mwingine, Hubert Velud. Mwaka 2016 alitolewa katika kombe kubwa na Wydad ya Casablanca, lakini hakukata tamaa. Akaingia katika lile la pili, Kombe la Shirikisho, akalitwaa. Mwanzoni mwa 2017 akaja Thierry Froger. Mwezi wa Machi CAPS United ya Zimbabwe ikaitoa Mazembe kwa sare ya 1 kwa 1 Lubumbashi na sare ya 0 kwa 0 Harare, na kazi ya Froger ikaishia hapo. Ndipo wenye timu walipomgeukia mtu wa nyumbani, Pamphile Mihayo, aliyeichezea timu hiyo kwa miaka mingi. Yeye hakuwa na haja ya kuuliza njia ya kwenda uwanjani wala tabia ya mtu yeyote. Mwezi wa Novemba mwaka huo Mazembe ililitwaa Kombe la Shirikisho kwa mara ya pili mfululizo, ikiishinda SuperSport United ya Afrika Kusini. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone; hapa mwenyeji alipona kwa mkono wa mwenyeji.

Sasa tuitazame timu ya taifa. Mwaka 1974 nchi yetu ikiitwa Zaire, mwalimu alikuwa Blagoje Vidinić, mtu wa Yugoslavia, ambaye mwaka 1970 aliipeleka Maroko katika Kombe la Dunia. Mwezi wa Machi aliiongoza Zaire kulitwaa Kombe la Afrika huko Misri. Mwezi wa Juni, huko Ujerumani, timu ile ile chini ya mwalimu yule yule ilifungwa na Yugoslavia mabao 9 kwa 0. Kwa kuwa Vidinić alitoka nchi iliyotufunga, na kwa kuwa alimtoa kipa Kazadi baada ya bao la tatu, watu walinong'ona mengi. Lakini wachezaji wenyewe walieleza baadaye kwamba kabla ya mchezo ule walikwisha sikia hawatalipwa fedha walizoahidiwa, nao wakafikiri hata kukataa kucheza. Je, kosa lilikuwa la mwalimu? Katika miezi mitatu mtu hasahau kufundisha. Ila nyumba yaweza kubomoka katika siku tatu.

Na mfano wa karibu zaidi: mwaka 2021 iliajiriwa sifa kubwa, Héctor Cúper wa Ajentina, aliyeifikisha Valencia ya Hispania katika fainali mbili za mabingwa wa Ulaya. Mwaka 2022 tukafungwa na Maroko tukakosa Kombe la Dunia, kisha tukafungwa na Gabon na Sudan, naye akaondolewa. Mwezi wa Agosti akaja Sébastien Desabre, Mfaransa asiye na jina kubwa Ulaya, lakini aliyekwisha fundisha katika nchi nyingi za Afrika na kuiongoza Uganda katika Kombe la Afrika la 2019. Katika Kombe la Afrika lililochezwa mwanzoni mwa 2024 tulitoka sare michezo yote mitatu ya kwanza. Wengi tulianza kunung'unika. Yeye akaachwa afanye kazi yake. Tukaitoa Misri kwa penalti, tukaishinda Guinea 3 kwa 1, tukamaliza katika nafasi ya nne. Uvumilivu wa waliomwajiri ulikuwa sehemu ya ushindi ule.

Msomaji wa Dar es Salaam atatupinga, na ana haki. Atasema: katika msimu wa 2024 hadi 2025 Yanga ilimwondoa Miguel Gamondi mwezi wa Novemba, ikamwajiri Sead Ramović, naye akaondoka Februari, ikamleta Miloud Hamdi, walimu watatu katika msimu mmoja, na bado ikawa bingwa wa Tanzania. Ni kweli. Lakini jambo hilo lathibitisha tusemayo. Yanga ni jumba lenye kuta nene: lina wachezaji wazuri, lina mishahara, lina wapenzi wasiohesabika. Jumba laweza kubadili mpangaji mara tatu kwa mwaka, wala paa lisitikisike.

Hatari huanza mtu wa kibanda atakapoliiga jumba. Maana katika timu ndogo ya mtaa mwalimu hawi mpangaji. Mwalimu ndiye nguzo ya katikati, na ukiing'oa nguzo hiyo ili uweke nyingine iliyo nzuri zaidi, uangalie kwanza ni nani atakayelishika paa.

Twasema hivyo kwa kuwa tumeliona kwa macho yetu hapa Kapata. Kulikuwa na timu ya vijana iliyofundishwa na mzee mmoja, fundi mstaafu wa mgodi. Hakuwa na cheti. Kila alasiri aliwakusanya watoto katika uwanja wa udongo mwekundu, wakubwa na wadogo, wengine bila viatu. Mtoto akikosa siku mbili, mzee alikwenda kubisha hodi kwao kuuliza kulikoni. Akaja mfanyabiashara wa mawe ya madini, mtu mwenye moyo mwema, akasema: timu hii yastahili mwalimu wa kweli, nami nitamlipa. Mzee akashukuriwa kwa makofi, akaketi nyumbani.

Mwalimu mpya alijua kazi, hatumsingizii. Mwaka wa kwanza alishinda kombe la mitaa. Lakini alilipwa ili ashinde, basi akachagua vijana wakubwa kumi na watano, baadhi yao kutoka mitaa mingine, na wadogo wakaambiwa wangoje zamu yao. Mwaka wa pili bei ya kobalti ikaanguka, mfuko wa mfanyabiashara ukafungwa, na mwalimu akaondoka, kwa sababu naye ana watoto wa kulisha. Wageni wakarudi mitaani kwao. Katika darasa letu viti vitano vya wavulana vilikuwa vitupu. Tulimkuta mmoja wao, mwenye miaka kumi na mmoja, akiosha mawe ya madini mtoni kwa ujira wa siku. Tukamwuliza kwa nini hata mpirani haji tena. Akajibu: "Mwalimu, pale uwanjani hakuna anayenijua."

Wazazi walimwendea mzee, wakaketi naye mpaka usiku. Alikubali kurudi kwa masharti mawili: kwamba wadogo wafanye mazoezi kwanza kila siku, na kwamba kijana mmoja akae kando yake ajifunze kazi hiyo, ili siku atakapokufa timu isife naye. Tangu hapo hawajashinda kombe lolote. Viti vitatu darasani vimepata wenyewe. Viwili vingali vitupu.

Hatusemi kwamba mgeni asiajiriwe, wala kwamba cheti ni kitu cha kudharau. Mzee yule yule angefaidika na mafunzo, na zile fedha zingeweza kumlipia mafunzo hayo. Tunalosema ni kwamba ninyi mlio katika kamati za timu, za shule au za mtaa, yawapasa kujiuliza maneno matatu kabla ya kutia sahihi. Fedha za mshahara zikikatika, timu itabaki na nini? Mwalimu huyu atafundisha wangapi, kumi na watano au wote waliokuja? Na mtoto asipoonekana siku mbili, ni nani atakayekwenda kubisha hodi kwao?

Mkipata jibu la swali hilo la tatu, mwajirini mtu huyo, awe mgeni au mwenyeji. Kisha mpeni muda.