Siki Sakristiani

Niliharibu divai ya Misa kwa uzembe. Nikaambiwa imeharibika, nikabisha. Ilipogundulika altareni, nikamsingizia mtu asiyehusika. Kitubioni nilishayasema hayo zamani, nikaondolewa dhambi. Lakini niliyemsingizia nilimsingizia hadharani, kwa hiyo ni haki yake nijisute hadharani pia.

Nilikuwa sakristani wa parokia moja mjini Sumbawanga, miaka ile ambayo lami ya kutoka Tunduma ilikuwa bado ahadi. Kwa wasioijua kazi hiyo, sakristani ndiye mshika funguo za kabati. Hupanga vyombo, hupiga pasi nguo za altare, huhesabu hostia, na kabla ya kila Misa hujaza vichupa viwili, kimoja cha divai na kingine cha maji. Posho yake haitoshi sabuni. Heshima yake ndiyo kubwa, na mimi ilinilevya.

Mzabibu si zao la Ufipa. Uwanda wetu, ulio zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, unajulikana kwa mahindi, ulezi na maharage. Divai yetu ilitoka Dodoma, ambako wamisionari walipanda zabibu Bihawana miaka ya 1950 na kilimo hicho kikaenea hadi Hombolo na Makutupora. Kutoka huko chupa ilisafiri zaidi ya kilomita 800, ikapita Iringa, Mbeya na Tunduma, kisha ikala vumbi la Laela hadi kwetu. Ikifika, bei imeshapanda. Kwa sababu hiyo kubana divai kulihesabiwa kuwa fadhila, nami nikajifanya bingwa wa fadhila hiyo.

Mwaka mmoja tulikuwa na sherehe kubwa, tukanunua divai kwenye chupa za lita kadhaa kwa kuwa ndizo nafuu. Wageni walipoondoka ilibaki moja iliyotumika nusu. Ilitakiwa niihamishie kwenye chupa ndogo, zijae hadi shingoni, zizibwe vizuri, hewa ikose nafasi. Sikufanya hivyo. Kizibo kilikuwa kimevunjika, nikasokota kitambaa, nikakichomeka, nikairudisha kabatini chini ya dirisha la magharibi. Nilijiambia baridi ya Sumbawanga ni jokofu tosha. Ni kweli, Juni na Julai upepo unaoshuka kutoka milima ya Mbizi unamlaza mtu na sweta. Lakini miezi hiyo ilishapita. Ilikuwa Oktoba, na jua la kabla ya mvua lilikuwa linalipiga kabati lile kila alasiri. Nikaisahau humo kwa majuma.

Jumapili moja asubuhi chupa ndogo tulizokuwa tukitumia ziliisha. Kabatini palikuwa na chupa nzima ambayo haijafunguliwa, na ile nusu. Ubahili ukaniongoza kwenye nusu. Juu ya kitambaa walikuwa wametua nzi wadogo, wale wanaozunguka ndizi zilizoiva kupita kiasi. Nikawapunga. Nilipochomoa kitambaa, harufu iliyotangulia haikuwa ya siki. Ilikuwa nyepesi na kali, ya kupanda puani, ile ya dawa ya kufutia rangi ya kucha. Siki ilifuata nyuma yake.

Bibi aliyekuwa akifagia sakristia aliacha kufagia.

“Mwanangu, hiyo imekufa,” akasema. “Usimpe Baba.”

“Bibi,” nikamjibu, “hii siyo pombe ya kilabuni. Divai ndivyo inavyonuka.”

Watumikiaji waliokuwa wakivaa kanzu wakacheka. Bibi akainamia ufagio wake.

Lazima nieleze alikuwa nani, maana bila hivyo ubaya wa jibu langu hauonekani. Bibi huyo alikuwa mpika pombe wa mtaa wa Majengo, na pombe ya ulezi ndiyo iliyosomesha wanawe. Aliloweka ulezi, akauchipusha kuwa kimea, akauanika, akausaga, akauchanganya kwenye uji uliopoa, kisha akangoja. Pombe ya namna hiyo ina uchachu wake halali, ndugu wa uchachu wa togwa, unaoletwa na bakteria wa jamii ya wale wa maziwa mgando. Uchachu huo hauchomi pua. Pombe ikipitiliza, huja uchachu wa pili, wa asidi ya siki, na huo ukiinamia mtungi unakurudisha nyuma. Mpika pombe asiyeweza kuutenga wa kwanza na wa pili hupoteza wateja kwa juma moja. Yeye alikuwa ametenga tangu usichana, mtungi kwa mtungi, gizani kabla ya alfajiri. Pale sakristiani hapakuwa na mtu mwenye ujuzi kumzidi.

Na mimi nilikuwa na nini? Nilikuwa na lebo. Chupa imetoka kiwandani, imechapwa maandishi, imesafiri kutoka Dodoma. Nikaona mwanamke wa kilabuni hawezi kuihukumu. Tena nikiri yote: pua yangu iliniambia kile kile alichosema bibi. Nimekulia humu humu, najua harufu ya pombe iliyopitiliza tangu utoto. Nilijua, nikabisha, kwa sababu kukubali kungekuwa kukiri kwamba kitambaa kile nilikichomeka mimi.

Misa ikaenda vizuri hadi Komunyo. Baba Paroko aliinua kalisi, akaigusisha midomoni, akasita. Hakukunja uso. Aliishusha polepole juu ya altare, akamwita mtumikiaji, naye akaja kwangu mbio na kuninong’oneza: “Baba anataka divai nyingine.” Nikafungua chupa nzima mikono ikitetemeka. Paroko akamimina divai na tone la maji, akarudia maneno ya mageuzo juu ya kalisi. Kwaya ilishafika mwisho wa wimbo. Mwalimu wao akawapa ishara, wakarudia kiitikio, wakakirudia tena. Waumini wengi hawakujua lililotokea. Bibi alijua. Alikuwa ameketi benchi la nyuma.

Baada ya Misa Paroko aliniuliza chupa ile ilifunguliwa lini. Swali lilikuwa moja na jibu lake lilikuwa jepesi. Nikasema: “Leo asubuhi, Baba. Imekuja hivyo. Nadhani ni joto la njiani, au huyu muuzaji ameanza kutuletea mabaki.”

Neno hilo la mwisho lilifanya kazi. Halmashauri ya Walei ilikaa, ikaamua tusinunue tena kwa mfanyabiashara huyo. Mji ni mdogo. Jambo likisemwa parokiani Jumapili, Jumanne linasemwa sokoni. Taasisi nyingine zilizokuwa zikichukua divai kwake zikaanza kusitasita, na yeye hakuwahi kupewa nafasi ya kujieleza.

Uzito wa nililotenda niliuelewa baadaye, niliposoma. Kanuni ya 924 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inadai divai iwe ya asili, tunda la mzabibu, na isiyoharibika. Suala lenyewe ni la kale. Mtakatifu Thoma wa Akwino alishaandika katika karne ya 13 kwamba siki haifai kwa sakramenti. Misale ya Papa Pius V ya mwaka 1570 ikapambanua: divai iliyokwisha kuwa siki haifanyi sakramenti, iliyoanza tu kugeuka inafanya, lakini padri anayeitumia huku anajua anatenda dhambi nzito. Kumbe Paroko aliposita na kalisi midomoni alikuwa akiamua jambo hilo hilo, kwa ulimi na pua, mbele ya kanisa lililojaa, bila msaada wa mtu ambaye kazi yake ilikuwa kumwondolea mashaka hayo.

Aliyenifungua macho zaidi ni bradha mmoja aliyewahi kufanya kazi ya zabibu Dodoma. Sikumwambia kisa changu. Nilimuuliza tu, kijanja, divai huharibika vipi. Akanijibu kwamba kila namna ya kuharibika ina harufu yake, na kila harufu inakuambia kosa lilifanyika wapi.

Divai iliyounguzwa na joto la safari hunuka matunda yaliyopikwa, kama jamu, na rangi yake huanza kuwa ya kahawia. Iliyoharibiwa na kizibo chenye ukungu hunuka boksi lililolowa, na matunda yake hayasikiki tena. Mtafiti wa Uswisi, Hans Tanner, ndiye aliyeitambua kemikali yake mwanzoni mwa miaka ya 1980, nayo ni kali kiasi kwamba hata sehemu chache kati ya bilioni za gramu moja katika lita zinatosha kuharibu chupa. Iliyopigwa na hewa kidogo hunuka tufaha lililomenywa likasahauliwa mezani. Yenye harufu ya yai bovu au ya kiberiti kilichowashwa ina salfa, na hiyo usiimwage haraka: imimine, itikise, iache ipumue, mara nyingi harufu huondoka.

Na siki? Akasema siki inahitaji hewa na muda. Bakteria wake huchukua kileo na kukigeuza kuwa asidi, na bila oksijeni hawawezi. Louis Pasteur aliyaeleza magonjwa ya divai katika kitabu alichochapisha mwaka 1866. Ile harufu ya dawa ya kucha ni mwenzake wa siki, asidi ikikutana na kileo, na mara nyingi pua huidaka mapema. Wale nzi wadogo ni wachukuzi wa bakteria hao. Divai inaweza kuanza kuchacha hata kiwandani, akasema, lakini chupa iliyojaa na kuzibwa vizuri haina hewa ya kuifanya siki kamili. “Ukikuta siki yenye nzi shingoni,” akamaliza, “usimtafute muuzaji. Mtafute aliyeifungua.”

Nilinyamaza. Uongo wangu haukuwa na miguu tangu siku ya kwanza. Mtu yeyote mwenye elimu hiyo angeinusa ile kalisi na kujua kwamba haikuwa joto la njiani wala mabaki ya dukani, ila chupa iliyoachwa wazi na mshika funguo. Sikugundulika kwa sababu moja tu: aliyekuwa na elimu hiyo pale parokiani nilikuwa nimeshamnyamazisha mbele ya watoto.

Nilikwenda kwa mfanyabiashara. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema: “Nilijua. Mzigo ule ule niliwauzia wengine na hakuna aliyenirudishia chupa. Nilikuwa nangoja uje, hukuja.” Wakati huo alishaacha biashara ya divai, anauza vifaa vya ujenzi. Sikuwa na cha kumrudishia. Niliomba nafasi mbele ya Halmashauri ya Walei nikaeleza kila kitu, jina lake likasafishwa kwenye kumbukumbu za kikao. Sokoni, ambako liliharibiwa, hakuna kikao wala kumbukumbu, na hiyo ndiyo sehemu ya deni ambayo sitaimaliza.

Kwa bibi nilikwenda pia. Aliniuliza kama siku hizi nanusa.

Nanusa. Sishiki tena funguo, lakini walioshika wamenikubalia mambo machache, nami nawaomba na wengine, wawe wa sakristia, wa baa au wa kamati za harusi. Chupa ikifunguliwa, andikeni tarehe juu yake siku hiyo hiyo, kwa kalamu isiyofutika, ili pasiwe na nafasi ya kusema uongo niliousema mimi. Iliyobaki ihamishieni kwenye chupa ndogo, ijae, izibwe, ikae mahali penye giza na ubaridi. Mimineni kidogo kwenye bilauri na kunusa kabla ya kumpa mtu. Na mtu akikuambia inanuka, hata kama ni mwenye ufagio, nusa kwanza ndipo umjibu.