Tulivyozama kwenye theluji ya Mlima Kenya

MTAA wa Ziwani, Nairobi, hauna ziwa, ingawa mvua ya masika inaponyesha kila kichochoro hugeuka dimbwi. Hata hivyo msimu huo una zawadi yake. Asubuhi ambapo mvua imesafisha moshi na vumbi la Gikomba, ukipanda juu ya paa la ghorofa unaweza kuuona Mlima Kenya, umbali wa zaidi ya kilomita 100, kilele chake kikiwa cheupe kama jino.

Mpwa wangu, mwanafunzi wa shule ya upili, alikiona mara moja tu na tangu hapo sikupata amani. "Mjomba, ile nyeupe ni theluji kweli ama ni wingu?" Basi nikamwahidi kwamba likizo ya Aprili ikifika ataishika kwa mikono yake mwenyewe. Dada yangu alikubali kwa sharti moja: "Unirudishie mtoto vile nimekupa."

Mavazi hayakututoa jasho. Gikomba ni mwendo wa dakika chache kutoka kwetu, na kwenye marundo ya mitumba tulipata jaketi nzito, glovu na kofia za sufu. Mzungu fulani alizivaa kwenye theluji ya kwao hadi akazichoka. Sasa zilikuwa zikirudi kwenye theluji kupitia Gikomba. Viatu ndivyo vilivyotushinda. Vya mpwa wangu vilimpwaya, tukavijazia soksi.

Tulipanda matatu hadi Naro Moru. Usiku wa kwanza tulilala Met Station, mita 3,050 juu ya usawa wa bahari, na wa pili katika kambi ya Mackinder, kwenye mita 4,200 hivi. Ili kufika huko ulitupasa kuvuka kinamasi cha mteremko mkali, tope hadi magotini, kisha tukaingia Bonde la Teleki lenye mimea mirefu ya ajabu. Lobelia mmoja wa huko huhifadhi maji katikati ya majani yake. Usiku maji hayo huganda juu na kukikinga kichipukizi kilicho chini. Pimbi nao, wasio na haya, walituibia mkate.

Kiongozi wetu, mzee mwenyeji wa Naro Moru, alituamsha saa nane usiku. Msomaji atauliza, kwa nini usiku wakati macho hayaoni? Sababu ni theluji yenyewe. Mlima huu uko karibu kabisa na ikweta, na jua lake ni kali. Usiku theluji mpya huganda juu, ukaikanyaga kama sakafu. Jua likishaipiga kwa saa mbili tatu, sakafu hiyo huoza. Watu wengi hupendelea Januari na Februari, au Agosti na Septemba, wakati mvua ni chache. Sisi tulikwenda Aprili kwa sababu ya shule, na theluji ilikuwa tele.

Mpwa wangu alipoikanyaga mara ya kwanza alicheka kwa sauti hadi mwangwi ukamjibu. Akaichota, akailamba, akaijaza ndani ya chupa ya chai ili ampelekee mamake. Lengo letu lilikuwa Lenana, mita 4,985, pale Kisoi Munyao alipopandisha bendera ya Kenya usiku wa Uhuru mwaka 1963.

Kulipopambazuka tulikuwa karibu na kibanda cha Austrian Hut, mita 4,790. Mzee alituonyesha Lewis, barafu ya kale ambayo wageni wengi huichanganya na theluji inayoanguka na kuyeyuka kila msimu. Wataalamu walioipima walikuta kwamba kati ya 1934 na 2010 ilikuwa imepoteza kiasi cha asilimia 90 ya ujazo wake. "Nikiwa kijana," mzee alisema, "hapa mlipo nilikuwa natembea juu ya barafu." Sisi tulikuwa tumesimama juu ya mawe yaliyofunikwa theluji ya juzi.

Hapo ndipo nilipotambua kwamba mpwa wangu hacheki tena. Alisema kichwa kinamgonga kidogo tu. Alitapika, kisha akaanza kuyumba kama mlevi. Mzee akamwambia ahesabu kutoka ishirini kurudi nyuma. Alifika kumi na sita, akanyamaza.

"Tunashuka," mzee akasema.

Nakiri mbele ya wasomaji kwamba nilibisha. Kilele kilikuwa pale pale, tunakiona! Nilikuwa nimetumia pesa, nimeahidi, na wazo la kurudi Ziwani bila picha ya Lenana liliniuma.

"Kilele hakihami, kijana. Hewa ya hapa ni kama nusu ya ile ya pwani, na mtoto imemkataa. Tukingoja jua, mtambeba mkipita wapi?"

Tulishuka. Hata hivyo tulikuwa tumechelewa kidogo, na jua lilitukuta mteremkoni. Theluji iliyotubeba usiku sasa ilitumeza hadi mapajani. Unachomoa mguu mmoja, wa pili unazama. Mwanga uliakisi kutoka kila upande hadi machozi yakatutoka, licha ya miwani ya jua. Mzee alimshika mtoto mkono wa kulia, mimi wa kushoto, na mara mbili tulianguka wote watatu. Sijawahi kuogopa hivyo, kwani kila nilipomwita alijibu maneno yasiyoeleweka.

Mackinder hatukukaa. Mzee alisisitiza tuendelee kushuka. Kwenye kinamasi kile kile tulichokilaani wakati wa kupanda, kijana aliuliza, "Mjomba, ule mkate pimbi walimaliza wote?" Nilikaa kwenye tope nikacheka.

Jumapili jioni tulibisha mlangoni Ziwani. Dada alimpapasa mwanawe kichwa, akamtazama macho, ndipo akafungua ile chupa. Ndani mlikuwa na maji na chembe mbili tatu za mchanga.

"Hii ndiyo theluji?" akauliza.

Kijana akamwambia tutaleta nyingine Januari. Dada akamimina maji yale kwenye sufuria ya chai, akawasha jiko, akasema jibu la Januari atatupa baada ya kula.