Vuli ya Korea Katika Mlima Palgong

Mwezi wa Oktoba unapokwisha, familia za askari wa Kimarekani wakaao katika mji wa Daegu, Korea Kusini, hufungasha chakula na kuelekea kaskazini, kwenye mlima Palgong wenye kimo cha mita zipatazo 1,190. Baridi huwa imekwisha kuyageuza majani kuwa mekundu na ya manjano kama moto wa nyika, na watoto huyakimbilia.

Lakini mgeni apandaye vipandio vya mawe zaidi ya 1,000 hadi Gatbawi (na viatu vya mjini havifai huko), penye sanamu ya kale ya Buddha yenye bamba la jiwe kichwani mfano wa kofia, hukuta watu wasioyatazama majani kabisa. Ni akina mama wa Kikorea. Husujudu tena na tena, wakiwaombea watoto wao wafaulu mtihani wa kuingia chuo kikuu, ufanywao Novemba. Siku hiyo ofisi nyingi huchelewa kufunguliwa, ndege huzuiwa kuruka na kutua wakati watahiniwa wakisikilizishwa Kiingereza, na polisi huwapakia kwenye pikipiki waliochelewa.

Mama mgeni, ambaye wanawe hubadili shule kila baba yao apatapo uhamisho, huwanyamazisha na kupita polepole.