Usiku wa tuzo Ngome Kongwe: mpeleke mtoto, beba na kanga

Kila mwaka, mara nyingi mwezi Julai ingawa tarehe husogezwa, Mji Mkongwe wa Zanzibar hujaa watu wenye vitambulisho shingoni. Ni waongozaji wa filamu, waigizaji, majaji na wanafunzi waliokuja kwenye Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar, maarufu kama ZIFF. Tamasha lilianzishwa 1997 na kufanyika kwa mara ya kwanza 1998. Huitwa pia tamasha la nchi za jahazi, kwa sababu lilianza na nia ya kukutanisha nchi zilizounganishwa na pepo za kaskazi na kusi: pwani yetu, Uarabuni, India na visiwa vya Bahari ya Hindi. Ndiyo maana Hollywood wana sanamu ya mtu, lakini tuzo kubwa hapa ni jahazi la dhahabu.

Familia inayotoka Dar es Salaam hutumia kama saa mbili kwa boti ya kasi, kisha hutembea kutoka bandarini hadi Forodhani. Fikeni jua likiwa bado juu. Vijana hujirusha baharini kutoka ukutani, mmoja baada ya mwingine, na watoto wa bara hawachoki kuwatazama. Jioni hupangwa meza za mishkaki, urojo na juisi ya miwa. Mtoto aliyeshiba hapo hatasumbua baadaye, ila asinywe juisi nyingi, maana usiku wa tuzo ni mrefu.

Ngome Kongwe iko ng'ambo ya barabara tu. Waarabu wa Oman waliijenga baada ya kuwafukuza Wareno mwishoni mwa karne ya 17, mahali palipokuwa na kanisa la Wareno. Baadaye ikatumika kama jela. Wanaisimu husema hata neno letu gereza limetokana na neno la Kireno lenye maana ya kanisa, habari ambayo mwanafunzi wa darasa la sita ataifurahia kuliko hotuba zote za usiku huo. Ataulizia pia jengo la jirani, Beit al-Ajaib, ambalo sehemu yake ilianguka Desemba 2020.

Ndani ya ngome kuna uwanja wa wazi wenye ngazi za mawe za kukalia. Mawe hayo ni magumu, hivyo kanga iliyokunjwa mara nne ni akiba nzuri. Juu ni nyota, mbele ni skrini kubwa, na popo hupita katikati ya picha bila kuomba ruhusa.

Watoto wengi wa leo wamejua filamu kupitia simu, kila mmoja na yake, masikio yamezibwa. Sinema za zamani za mjini, kama Majestic ya Vuga, zilifungwa siku nyingi. Kwa hiyo kucheka pamoja na mamia ya watu usiowajua, kwa neno moja la Kiswahili lililosemwa vizuri, ni jambo ambalo mtoto anaweza kufika kidato cha nne bila kulionja. Ngome Kongwe analionja. Kisha taa zinawaka, jina linatajwa, na mtu aliyetengeneza kicheko kile anapanda jukwaani, jasho likimtoka, akimshukuru mama yake. Mtoto anaona kwamba filamu ni kazi ya mtu.

Hadithi za vichochoro hivi hufika mbali pia. Vuta N'Kuvute, riwaya ya Adam Shafi ambayo wazazi wengi waliisoma shuleni, inahusu Zanzibar ya miaka ya 1950. Amil Shivji aliifanya filamu, ikaoneshwa Toronto mwaka 2021, na mwaka uliofuata Tanzania ikaipeleka kushindania Oscar. Kabla yake ni Maangamizi tu, ya 2001, iliyowahi kupelekwa.

Hata hivyo, si kila filamu ya tamasha ni ya watoto. Zipo za vita, za ukatili wa nyumbani na za mapenzi ya wakubwa, na mlangoni si lazima mtu akuulize umri wa mwanao. Soma ratiba mapema, tafuta maonesho yaliyotengwa kwa watoto, na kwa filamu nyingine muulize mtu aliyekwisha kuiona. Tamasha limekuwa likipeleka filamu vijijini Unguja na Pemba pia, na wenye ndugu shamba wanaweza kukuta onesho karibu na nyumbani, bila zulia jekundu.

Hotuba zikimalizika, boti za kasi za siku hiyo zimeshaondoka. Weka nafasi ya kulala mapema, karibu na Forodhani ikiwezekana. Vichochoro ni vyembamba, na mtoto wa miaka saba aliyelala begani ni mzito.